Makomamanga ya Pindoni

Mulamwa wangu wa Chwele, kila akinikuta na sindano mkononi, huniuliza: "Hii utauza pesa ngapi?" Nikimwambia siuzi, anauliza nani anaolewa. Nikimwambia haolewi mtu, ananyamaza, anaangalia pembeni, halafu anauliza habari za ng'ombe. Si mtu mbaya. Ni dada ya marehemu mume wangu, tunapendana, na vitunguu vyake vimelipa karo ya watoto hadi chuo. Ila kwake mchana ni wa kazi, na kazi ni ile inayoishia mfukoni au tumboni. Blanketi la viraka ninaloshona miezi na miezi, nikalifumua upande mmoja kwa sababu rangi mbili zimekataa kukaa pamoja, haliishii kokote.

Nimemjibu mara nyingi kwa mzaha. Hapa nataka kumjibu kwa uzito, maana naliona swali lake kuwa la dini kuliko la pesa. Anauliza kama furaha isiyozaa kitu inaruhusiwa. Na tulivyolelewa, swali hilo huulizwa mwanamke zaidi. Mzee akikaa chini ya mwembe na bao lake la ajua kuanzia saa nane hadi giza, hakuna anayemwuliza zile kete atauza ngapi. Majirani wetu wanaokunywa busaa huzunguka chungu na mirija yao mirefu, hadithi zikatiririka, na hiyo inaitwa utamaduni. Mwanamke akifurahi lazima atoe risiti. Raha yake itapita ikiwa imepewa jina lingine: chama, biashara, huduma, malezi. Kwa hiyo tunadanganya kidogo. Tunasema tunashona vitambaa vya makochi ili viti visichafuke, na kila mtu anajua kwamba kitambaa cheupe cha kroshia ndicho kitu cha kwanza kuchafuka nyumba nzima.

Nilizaliwa Bungoma, karibu na Lugulu, katika nyumba ya Friends, wale ambao vitabu huwaita Quaker. Nimefundisha sayansi kimu shule ya msingi, tangu enzi ambazo mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwashikisha sindano wavulana na wasichana bila kubagua. Wavulana wengine walipiga bandi iliyonyooka kuliko ya dada zao, wakawa wanaificha wasichekwe. Sasa nimestaafu na naishi upande wa Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, na shamba la mahindi, ng'ombe wawili na kuku wasio na adabu.

Mabaki ya nguo nayapata Kitale. Mafundi hukaa na cherehani zao kwenye varanda za maduka, na chini ya kila cherehani kuna gunia la vipande: kijani cha sare ya shule, buluu ya sare, maruni ya sare, halafu ghafla kitenge cha harusi ya mtu, chenye tausi au feni au funguo. Wengine hunipa bure, wengine wanataka ya chai. Nikifika nyumbani navifua, navianika, navipiga pasi ya makaa, navikata kwa kipimo nilichokitengeneza kwa karatasi ngumu ya katoni. Naunga kwa mkono. Juu viraka, katikati blanketi kuukuu lililochoka ila bado lina joto, chini shuka la mitumba. Tabaka hizo tatu nazipiga bandi kwanza zisiteleze, ndipo nizipitie zote kwa mishono midogo mstari baada ya mstari, sindano ikizama na kuibuka, mkono wa kushoto ukiwa chini kuipokea. Kitambaa cha sare ni kigumu na hulia kidogo sindano ikipita. Kitenge kilichofuliwa sana hakisemi neno. Mistari minne ikikutana kwenye pembe moja bila hata mmoja kupitiliza, kuna kitu hutulia ndani ya kifua, na siwezi kukieleza zaidi ya hapo.

Kitale iko mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku baridi yake haina utani. Huku mtu anaweza kulitetea blanketi: linafunika. Nikishuka nalo Bungoma, utetezi wangu unakufa. Kule ni chini, mita kama 1,400, na anayejifunika tabaka tatu ataamka ameloa jasho. Lile nililompa mama yangu halijawahi kumfunika mtu. Linakaa kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba na picha ya ubatizo, linatoka wageni wakija, linatandazwa juu ya kochi, na wageni wanaambiwa wakae pale pengine. Mama hulipapasa akipita. Basi hebu tulipime hilo la Bungoma, kwa sababu la Kiminini lina kisingizio.

Watu wema huja kuniokoa. Wananiambia: Mwalimu, usijisumbue, kushona kwako ni sala. Nawashukuru lakini siwezi kuikubali zawadi hiyo. Nimelelewa na watu waliojua sala ya kimya ni nini. Wamisionari watatu wa Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yaliyopanda kutoka huko hadi kwetu yalisema kwamba Mungu anaweza kusema na mtu yeyote pasipo mtu wa katikati, mradi mtu huyo anyamaze. Leo ibada zetu zina kwaya, kinanda na spika zinazosikika hadi barabarani, na kimya kimebaki kipande kidogo kilichobanwa kati ya mahubiri na matangazo. Hata hivyo nakijua. Katika kimya hicho mtu anajisahau au anajiona vibaya, mojawapo. Nikishona siko huko. Nikishona nawaza kama hii maruni itaelewana na rangi ya chungwa, na kama uzi utafika mwisho wa mstari. Kuiita hiyo sala ni kumpaka Mungu rangi ili raha yangu ipite mlangoni. Ni afadhali ipite ikiitwa jina lake, au izuiwe.

Kuna wanaoizuia kwa sababu ya historia, na hao nawaheshimu zaidi. Wanasema: sindano ya kudarizi tuliletewa. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona ili wawe wake wa Wakristo, na Maendeleo ya Wanawake, ilipoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, ilikuwa na madarasa ya kushona na kufuma wakati ambapo mambo mengine mengi yalihitaji kufundishwa, na mwaka uleule hali ya hatari ilitangazwa nchini. Ni kweli. Vile vitambaa vya mardufu vilivyotundikwa ukutani kwa mama zetu, vimedariziwa ua kila pembe na "Karibu Wageni" katikati, vina harufu ya darasa la mmisionari. Mtu akiniambia kwamba walitupa sindano ili tukae kimya, sitabisha.

Lakini kabla ya sindano kulikuwa na chungu cha kukhu, nyanya yangu. Wafinyanzi wa kwetu walikuwa wakisokota kamba ya nyasi na kuibingirisha shingoni mwa chungu udongo ukiwa bado mbichi, ikaacha nakshi za safu kwa safu kuzunguka. Maji ya chungu chenye nakshi hayapoi haraka kuliko ya chungu kitupu. Nimewahi kuambiwa kwamba nakshi zinasaidia mkono usiteleze, na labda ni hivyo kwa safu moja. Safu ya pili na ya tatu mfinyanzi aliiweka kwa ajili ya nini? Hakuwa amesoma kwa mmisionari yeyote. Alikuwa amemaliza kazi, chungu kilikuwa kimekamilika, kisha akaendelea kidogo. Huko kuendelea kidogo ndiko ninakokutetea, na nasema kulikuwako kwetu kabla ya mzungu na kungekuwako bila yeye. Sindano ni chombo tu kilichofika kikakuta tabia ipo.

Anayenisumbua kweli ni Friend mwenzangu, tena fundi wa nguo. John Woolman alizaliwa New Jersey mwaka 1720. Alikuwa na duka lililoanza kustawi, akaona kwamba biashara inamsumbua roho, akaiacha akabaki na ushonaji na shamba lake la miti ya matunda. Alizunguka makoloni ya Marekani akiwasihi Friends wenzake, nyumba kwa nyumba, waache kumiliki watumwa. Alikataa sukari na vitu vingine vilivyotoka mikononi mwa watumwa. Na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1760 alikataa kuvaa nguo iliyotiwa rangi. Aliona rangi imebuniwa kwa mambo mawili, kufurahisha macho na kuficha uchafu, naye alipendelea usafi wa kweli kuliko uchafu uliofichwa. Mwaka 1772 alivuka bahari kwenda Uingereza, akaelekea kaskazini kwa miguu kwa sababu magari ya farasi yaliwatesa farasi na vijana waliowaendesha, akafika York na kufa kwa ndui mwaka uleule. Mfikirie fundi wa nguo amevaa nyeupe na kijivu cha manyoya ya kondoo toka kofia hadi viatu, katika mkutano wa watu waliomwona kituko. Huyo akiniuliza kuhusu maruni na rangi ya chungwa, siwezi kucheka.

Kuhusu uchafu ana haki. Sare za shule zina rangi zinazoficha vumbi la huku Trans Nzoia, na waliozichagua walijua. Kuhusu mateso ana haki zaidi. Kitambaa kina watu nyuma yake: aliyechuma pamba, aliyesimama kiwandani, aliyefungasha mitumba. Mimi najificha nyuma ya neno mabaki, nasema vipande hivi vingetupwa, ila uzi naununua mpya na sijui aliyeusokota alilipwa nini. Hapo Woolman ananishika na simpatii jibu. Nakubali kwamba raha iliyolipwa na machozi ya mwingine ni wizi hata kama ni nzuri.

Jambo la kwanza, la kufurahisha macho, hapo naachana naye. Sioni dhambi yake. Na siko peke yangu hata ndani ya nyumba yetu. Margaret Fell, aliyekuwako na Friends tangu mwanzo wao Uingereza na ambaye wengi humwita mama yao, aliandika mwaka 1700 akiwa bibi kizee, miaka miwili kabla ya kufa, akiwakemea waliotaka wote wavae rangi moja na mtindo mmoja. Aliiona hiyo kuwa injili dhaifu ya kipuuzi. Nampenda kwa hilo. Alikuwa amefungwa gerezani kwa imani, hakuwa mtu wa kuogopa kanzu.

Sasa nimfungulie mulamwa Biblia, maana yeye ataisikiliza Biblia kuliko Margaret Fell. Angeanzia pale kushona kunapoonekana mara ya kwanza, Mwanzo sura ya tatu, majani ya mtini yakishonwa kwa aibu, na angesema: unaona? Ni kweli, hilo ndilo vazi la kwanza. La pili, aya chache baadaye, Mungu mwenyewe aliwatengenezea, la ngozi, imara, kwa sababu lile la majani lilikuwa kazi mbovu. Mimi mwalimu wa sayansi kimu siwezi kupita hapo bila kutabasamu.

Twende Kutoka. Mtu wa kwanza kuelezwa kwamba Mungu amemjaza roho yake si nabii wala mfalme. Ni Bezaleli, fundi: wa dhahabu, wa mawe, wa mbao. Mwenzake Oholiabu alikuwa mtu wa kutarizi, na wapo wanawake ambao mioyo yao iliwasukuma wakasokota manyoya ya mbuzi. Sura ya 28 inapanga mavazi ya kuhani, na hapo ndipo ninapokaa siku nzima. Joho la buluu, shingo yake imezungushiwa utepe lisichanike: hiyo ni akili ya fundi, kila anayeshona anajua shingo ndiyo hutatuka kwanza. Halafu pindoni, chini kabisa karibu na vumbi la miguu, yawekwe makomamanga ya nyuzi, ya buluu na zambarau na nyekundu, na kati ya komamanga na komamanga kengele ya dhahabu. Kengele zimepewa sababu: mlio wake usikike kuhani anapoingia na kutoka. Makomamanga hayakupewa sababu yoyote yake, isipokuwa ile ya jumla iliyotajwa juu, kwamba mavazi hayo yawe na utukufu na yapendeze. Hayalii, hayaliwi, hayafuniki. Aliyeyaagiza, kwa kadiri tunavyoamini sisi, ni yuleyule aliyetengeneza dunia na alikuwa akisimama tena na tena kuitazama na kuona ni njema, kabla hajakuwapo mtu wa kuitumia.

Mulamwa atanirudisha kwa Dorkasi. Wote humrudisha mwanamke mwenye sindano kwa Dorkasi, yule wa Yafa katika Matendo sura ya tisa, aliyewashonea wajane. Sawa, twende. Amekufa, wamemwosha, Petro anaitwa, na wajane wanasimama wakilia wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Mtu wa Bungoma anaitambua picha hiyo bila kuelezwa. Ni matanga, na kila mtu amekuja na ushahidi wake. Mimi naziangalia zile nguo walizoinua. Huwezi kuwashonea wajane wa mji kiasi hicho kwa huruma peke yake. Huruma huchoka jioni. Lazima mkono wake ulikuwa unaipenda sindano, na wale wajane waliomzunguka walikuwa wamevaa huruma na raha yake pamoja, wasijue ipi ni ipi.

Baada ya kusema hayo yote, bado kuna kitu kimoja ambacho raha yangu hainyimwi na mtu ila na Mungu mwenyewe, na ninaona ni haki. Marabi walioandika Mishna, yapata mwaka 200, waliorodhesha kazi 39 zinazokatazwa siku ya Sabato. Kushona imo, tena kwa kipimo: mishono miwili. Wa pili ukikaza, umevunja Sabato. Mapokeo yao yanasema kazi hizo 39 zimechukuliwa kutoka ujenzi wa hema la Mungu katika Kutoka, kazi zilezile za Bezaleli na wale wanawake. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Kazi iliyo njema kiasi cha kumjengea Mungu nyumba ndiyo hiyo inayopaswa kuachwa. Kukhu, ambaye hakumjua rabi hata mmoja, alitukataza kugusa sindano Jumapili, na tulidhani ni ukali wa Friends.

Niliyatazama maisha ya hapa kijijini kwa jicho hilo. Amri ya Sabato inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. Kijijini kwetu Jumapili ng'ombe hapelekwi kulima, trekta halitoki, mzee anakaa na redio. Mama anatoka kanisani, anavua viatu vizuri, anaingia jikoni. Kuna kuku wa kuchinja na wageni wa mchana. Nani alimtoa kwenye orodha? Nafikiri ndiyo sababu sindano ilipendwa hivi na wanawake wa shamba. Januari na Februari, mahindi yameshapukuchuliwa na yako maguniani, yanangoja bei ipande, ardhi imekauka, mvua ya Machi haijafika, mwanamke anavuta kiti hadi kwenye kivuli cha varanda na kutoa viraka. Kila anayepita barabarani anaona yuko kazini. Alichoiba ni Sabato, katikati ya juma, akaivisha nguo ya kazi ili asisumbuliwe. Simlaumu, nami nimefanya hivyo. Lakini Sabato ya kuiba haitoshi, na hata ikitosha haifai kuombewa radhi kila mwaka. Ningependa mwanamke akae Jumapili mikono mitupu na mtu mwingine achinje yule kuku, halafu Jumatatu ashone waziwazi, akiulizwa kwa nini aseme anapenda.

Pasta wetu ananiona mtu wa vitabu sana. Mwezi uliopita baada ya ibada alinisogelea wakati wa mnada. Mnajua minada yetu: aliyekosa pesa ya sadaka analeta mayai, mkungu wa ndizi, kuku, na wenye uwezo wanavipandisha bei kwa ajili ya kanisa. Vitambaa vyangu vya kroshia vimeshapita hapo mara nyingi, na yai moja nimeliona likienda kwa bei ya jogoo. Alikuwa amesikia habari za blanketi jipya.

"Mwalimu, paa linahitaji mabati. Lile blanketi lako likiletwa hapa mbele, litainua watu."

"Pasta, vitambaa nitaleta. Na mahindi nitaleta, gunia zima."

"Lakini blanketi?"

Nilimwambia siliuzi. Alicheka, akasema kwa Mungu hakuna kuuza, ni kutoa. Nikamwambia asome Kutoka 28 kuanzia aya ya 31, atafute makomamanga yalichangisha mabati mangapi. Alisimama akifikiri, maana ni mtu mwenye haki, kisha akasema kwamba joho lenyewe lakini lilitolewa, Mwalimu, halikubaki sandukuni kwa Bezaleli.

Hapo alinipata. Nimekuwa nikilitafutia jibu tangu siku hiyo na kila ninalolipata lina tundu. Palizi ya pili imeanza, mbolea ya kukuzia haijawekwa, kwa hiyo sindano imelala. Pasta amesema ataniuliza tena Desemba, baada ya mavuno, na mulamwa, aliyesikia mazungumzo yote, ameniuliza kama kwenye mnada lingefika elfu kumi.